Nilitafsiri Uongo ili Bima ya Mdogo Wangu Isifutwe

Nakusihi wewe unayesoma, neno lolote la humu lisitoke nje ya ukurasa huu. Usilisome kwa sauti kazini, wala usimwambie mwenzako, "Huyu ni kama namjua." Arusha ni ndogo. Nimemwomba mhariri afute jina langu, la ofisi na la usharika wetu, naye amenikubalia.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, Mmeru. Nimemaliza kidato cha sita na kozi ya ukarani. Nimepanga chumba Ngarenaro pamoja na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka ishirini, na ninafanya kazi kwa wakala wa bima za magari, mojawapo ya ofisi zilizofunguliwa tangu watu binafsi waruhusiwe kuingia katika biashara hiyo. Kazi yangu ni kujaza fomu za wateja. Nimechoka, ndugu zangu. Siumwi popote, ila naamka asubuhi nikiwa nimechoka kama mtu aliyelima kutwa.

Mwaka jana mdogo wangu alipata pikapu ya mtumba ya kubebea mboga kutoka Usa River hadi sokoni mjini. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yetu, aliuza ng'ombe kumsaidia. Kilichobaki ni bima. Kwa sheria za kampuni, dereva aliye chini ya miaka ishirini na mitano na mwenye leseni mpya hutozwa karibu mara mbili ya mtu mzima. Nilipomwambia mdogo wangu, alicheka kwa uchungu.

"Dada, yaani nilipie bima ya magari mawili wakati ninalo moja, tena mlango wake haufungi?"

Baba mkubwa akasema, "Andika mimi ndiye dereva. Nimeendesha lori la ushirika ninyi hamjazaliwa."

"Baba mkubwa, macho yako je?"

"Fomu inauliza leseni, haiulizi macho. Andika, mama."

Nikaandika. Si kwamba sikujua ni kosa. Lakini vijana wengi wanaokuja kwetu hufanya hivyo hivyo. Ukifungua makabrasha ya ofisi yetu utadhani Arusha nzima wanaoendesha magari ni wazee peke yao. Nilijiambia kuwa hata sisi tutapita humo humo.

Mwezi uliopita, karibu na Makumira, breki zilimgomea mdogo wangu, gari likamgonga mama mmoja aliyekaa kando ya barabara na mikungu yake ya ndizi. Alivunjika mguu. Mdogo wangu alimpakia kwenye gari lililokuwa likipita na kumkimbiza hospitali, kisha akatuma mtu amwite Baba mkubwa. Polisi walipofika kuchukua maelezo, mzee alivua kofia yake akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha." Mzee wa kanisa, miaka sitini na nne. Sasa kesi ya trafiki ina jina lake, na kila nikimwamkia shikamoo ananiitikia bila kuniangalia.

Haya yote ningeweza kuyabeba. Nisiloweza kulibeba ni la Jumatatu iliyopita.

Mama yule alikuja ofisini kutoa maelezo yake ya madai, akiwa na magongo, amesindikizwa na binti yake mdogo aliyebaki nje kumsubiri. Kiswahili chake ni cha salamu tu, na bosi wangu ni mtu wa Tanga. Bosi akaniita: "Binti, njoo utusaidie, si wewe ni Mmeru?" Hakujua kuwa gari lile ni la kwetu, maana bima ina jina la Baba mkubwa, na jina lake halifanani na yetu. Nikakaa katikati yao na kalamu mkononi.

Bosi akauliza, "Alimwona dereva?"

Mama akanigeukia, akasema kwa Kimeru, taratibu, kama anayemsimulia mwanawe: "Nilimwona vizuri. Kijana mdogo, hata ndevu hana. Alinibeba mikononi analia kuliko mimi niliyevunjika. Mwambie mkubwa wako sina hasira naye. Nataka mguu wangu utibiwe tu."

Bosi akasubiri. Mimi nikasema, "Anasema maumivu yalimzidi. Hamkumbuki dereva."

Nikaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wangu mzuri. Mama akanishika mkono akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, umenisemea." Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Alhamisi anarudi kuweka dole gumba kwenye karatasi ile. Yeye hasomi. Nikisema ukweli, bima yote inaweza kufutwa, maana ndivyo bosi husema kuhusu fomu yenye uongo. Basi mama yule huenda asipate kitu, mdogo wangu atashtakiwa, Baba mkubwa ataulizwa kwa nini aliwadanganya polisi, nami kazi sina. Nikinyamaza, huenda atalipwa, lakini kidole chake kitakuwa kimethibitisha uongo wangu, na mzee atasimama mahakamani kwa kosa ambalo hakulifanya. Mdogo wangu ananiambia, "Dada, nyamaza, tayari yamepita." Usiku huwa namsikia akijigeuzageuza kitandani.

Ninyi mliowahi kubanwa hivi, niambieni: nimsomee mama yule karatasi kama ilivyo, au nimshike kidole nikikandamize?

Atakayenijibu aandike kwa mhariri wa ukurasa huu, juu ya bahasha aweke "Kwa Karani". Msipige simu ofisi yoyote ya bima mkiulizia msichana wa Kimeru, maana simu yetu iko mezani kwa bosi. Gazeti hulisoma yeye kwanza, lakini huanza na michezo, kisha hunipa mimi. Majibu yatanifikia. Naomba yawahi kabla ya Alhamisi.