Dege la Mtandao

Mto Sabaki ulipofurika na kuuangusha mnara wa simu upande wa Mambrui, niliajiriwa kwa sababu ya ulimi wangu. Mafundi walitoka bara. Walijua kurusha droni iliyobeba mtambo wa mtandao, ikakaa hewani ikivuta umeme kwa waya kutoka kwenye jenereta, na simu za kijiji zikashika tena. Walichokuwa hawakijui ni kubisha hodi kwa watu na kueleweka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliiringia kweli kweli.

Neno "droni" lilinichosha. Kila nikilitamka naulizwa ni mdudu gani huyo. Basi nikaanza kutania: "Msishtuke, kesho tunawaletea dege, litakaa juu ya mapaa yenu." Watu wakacheka.

Mama mmoja hakucheka. Alikuwa amempakata mwanawe mdogo mwenye homa. "Likae juu yetu?" akauliza.

"Hapa hapa, dadangu. Wala halina madhara." Nikaenda nyumba ya pili.

Fundi wa bara angesamehewa. Mimi ni mtu wa Malindi, na bibi yangu hakuruhusu neno hilo litajwe palipo na mtoto. Dege ni ugonjwa, ule unaomkaza mtoto mwili na kumgeuza macho, na wazee husema huletwa na ndege apitaye juu ya nyumba. Nilipokwenda shule nikayaona hayo upuuzi, na nikajisifu kuyasahau. Kiburi hicho ndicho kinachoniuma hadi leo.

Asubuhi droni ilipopanda, yule mama alikuwa ameshamkimbiza mwanawe shambani kwa kaka yake, mbali, ambako mtandao wetu haukufika. Huko homa ikazidi, mtoto akaanza kukakamaa. Kaka mtu akahangaika na simu kila mahali, wapi. Kijijini gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa tayari, linangoja kupigiwa tu. Wao wakambeba kwa pikipiki kwenye matope, wakafika hospitali wamechelewa. Mtoto alipona, lakini hasikii tena.

Nilikwenda kuwaona nikiwa nimekwisha kupanga maneno ya kuomba radhi. Mama alinikaribisha jamvini, akanimiminia chai. Mtoto alikuwa akicheza mlangoni, ametupa mgongo. Mama akamwita kwa jina, kisha akakumbuka, akainuka kwenda kumgusa bega.

Aliporudi alinishika mikono yote miwili.

"Dada, Mungu akulipe. Lau hukunambia mapema, ningebaki hapa nalo lingemmaliza. Ni wewe uliyeniokolea mwanangu."

Maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Amin."