Maji Yaliyonyamazisha Baruti

Kila Jumamosi nilikuwa nampelekea baba chakula machimboni, huko juu Madale. Mama alibaki kusini, kwenye kijiji cha ujamaa, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mie na baba tu, na baba si mtu wa maneno. Shuleni nako sikuwa na wa kukaa naye.

Kabla ya baruti kulipuliwa, msimamizi hugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Hapo kila mtu huacha alichoshika na kukimbilia bandani: wachimbaji, akina mama waponda kokoto, hata mie na chakula changu. Tunabanana humo mpaka mlipuko upite. Ndimo nilimompata binti wa rika langu, aliyeponda kokoto na shangazi yake. Yeye ndiye aliyeanza.

"We msomi, mbona bubu? Au huko sekondari maneno mnagawiwa kwa mgawo, kama sukari?"

Nikacheka. Tangu siku hiyo, reli ikigongwa tu, tunatafutana. Nje ya banda sikuthubutu kumfuata. Wenzake walikuwa wengi, na wana midomo. Nikaazimia Jumamosi itakayofuata nimwombe aje kwetu siku ya Idi.

Jumamosi hiyo nikakuta wataalamu wameleta mashine ya kujaribiwa. Pampu inanguruma, bomba nene, mwishoni kitundu chembamba kama tundu la sindano. Maji yalitoka kwa nguvu mpaka yakauchanja mwamba. Baba na wenzake wakapigilia kabari kwenye mifereji iliyochanjwa na maji, jiwe likang'oka zima. Hamna moshi, hamna kishindo. Nilisimama na chakula nikisubiri reli. Haikugongwa. Akina mama walikuwa palepale wanaponda mawe ya siku za nyuma, yeye katikati yao. Akanipungia mkono. Nami nikapunga, kisha nikampelekea baba chakula chake. Nikajiambia, Jumamosi ijayo.

Ijayo uwanja ulikuwa mtupu. Maji hayaachi vifusi vya kuponda, kwa hiyo akina mama walikuwa wamehamia machimbo ya Boko. Boko naweza kufika, lakini nitamwulizia kwa jina gani? Sikuwahi kumuuliza.

Jioni nikamuuliza baba baruti zitarudi lini.

"Si wewe uliyekuwa unaziba masikio?"

"Zikirudi nitaziba tena, baba."

Akanitazama kidogo, kisha akaendelea kula.