Miguu Sita Juu ya Moshi

Nakumbuka siku moja wingu kubwa lilipotoka upande wa Walikale, nami nikasimama mlangoni nikalisalimia kama mtu. Usicheke bado, mwanangu. Ngoja kwanza nikueleze ujinga wangu wote, ndipo ucheke mara moja na vizuri.

Juzi ulinitumia kwenye simu picha ya shu, hizo kabichi zako za huko Kashebere, majani yamejaa matundu kama kitambaa cha altare. Ukaniuliza: "Papa, kuku niwafungulie waingie bustanini wakule viwavi, ao niweke dawa?" Wewe ni mtoto wa mdogo wangu, ulipaswa kujibiwa haraka. Lakini mvua ikaanza hapa Ngungu, rezo ya simu ikakatika, nikakaa nikiangalia ukungu unavyopanda polepole kutoka bondeni, ukimeza mgomba mmoja mmoja, na jibu likarefuka lenyewe. Unanijua. Wengine wana mashamba, wengine wana ng'ombe, mimi nina mlango na kiti.

Hata ujana wangu ulikuwa hivyo. Vijana wa rika langu walikwenda kwenye machimbo ya Rubaya kubeba mizigo mlimani, wakarudi na mabega mapana na redio. Mimi pia nilikwenda, usidhani sikujaribu. Nililala siku mbili, ya tatu nikarudi kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kiti changu. Nilikuwa nimemaliza sekondari. Diplome yangu ilikaa ndani ya plastiki, chini ya godoro, ikilala vizuri kuliko mimi.

Niliishi kwa Koko, mama wa mama yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, aliyeamka kabla ya jogoo. Nafikiri ndiye aliyemwamsha. Jirani yetu wa chini alikuwa Mama Neema, na Mama Neema alikuwa na binti, na binti huyo alikuwa na kicheko ambacho nilikisikia hata akiwa amenyamaza. Basi. Yatosha hapo.

Siku moja Mama Neema alikuja amebeba kitunga. Ndani mlikuwa na kuku jike mwekundu na vifaranga tisa. Binti yake mkubwa, aliyeolewa huko huko Kashebere unakokaa leo, alikuwa karibu kujifungua, na yeye na Neema, yule wa kicheko, walikuwa wanakwenda kumsaidia. Unajua desturi yetu ya kulea kuku wa mwenzako: mwenyewe anabaki mwenyewe, wewe unatunza, vifaranga wakikua mnagawana. Lakini kati ya vifaranga wale mlikuwa na jogoo wawili wadogo, na hao, alisema, wasiguswe. Hao walikuwa wa siku ya kumtoa mtoto mchanga nje.

"Nakuachia weye," akaniambia, "juu weye uko nyumbani kila siku."

Sikujua kama nimesifiwa.

Neema akaangalia paa la nyumba yetu, akaangalia miguu yangu. "Mama, huyu anajua kulinda kuku? Yeye mwenyewe Koko ndiye anamulinda."

Wakaondoka. Nami nikaapa moyoni kwamba watakaporudi watakuta vifaranga tisa wanono na shu za bustani yetu za mviringo kama vichwa vya mapadri, na Mama Neema ataniona kuwa mwanaume anayeweza kukabidhiwa kitu. Kwanza kuku. Mengine baadaye.

Basi viwavi wakaja. Walikuwa wa kijani, wembamba, wanakula kwa utulivu kama watu walioalikwa. Koko alikuwa na dawa yake, nayo ilikuwa mkono. Alfajiri, umande ukiwa bado mzito na viwavi wamekufa ganzi kwa baridi, alipita jani kwa jani, chini na juu, akiwaokota ndani ya kopo. Kopo alilimwaga mbele ya vifaranga jikoni, kisha akarudi kunyunyiza majivu juu ya shu. Akanionyesha mara moja, akaniachia kopo.

Asubuhi ya kwanza niliamka. Ya pili niliamka nikiwa na hasira. Ya tatu nilikuwa naota ndoto nzuri sana, na si adabu kumkatiza mtu katikati ya ndoto, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Msomi akichoka kuokota viwavi hasemi amechoka. Anasema amepata mpango. Nikachukua daftari na rula, nikachora. Kuku wetu hulala jikoni karibu na mafiga, unajua. Mimi nikaona huo ni ushamba: kwa nini kumbeba kiwavi kumpelekea kuku, badala ya kumhamishia kuku kwa kiwavi? Nikajenga nyumba ya kuku ndani ya bustani yenyewe, kwa mianzi na kipande cha manjanja, bati la paa.

Sasa sikiliza nilipoijenga. Kilima chetu hakina mahali pa kukaa sawa. Hata sufuria unaitegea jiwe. Kwa hiyo kila bustani ina mufereji unaoikata kwa ubavu, ili maji ya mvua yapinde, yaende pembeni. Ndani ya mufereji hukusanyika udongo mweusi, mnono kuliko wote. Nikauona udongo ule umelala bure. Nikaufukia mufereji, nikapanda shu juu yake mustari mzima, na katikati, mahali pa sawa kuliko pote, nikasimamisha nyumba yangu ya kuku.

Koko alipita na jembe, akasimama.

"Na maji?"

"Maji gani, Koko? Iko jua."

"Ah," akasema. "Iko jua." Akaenda kupalilia maharagi yake.

Mwanangu, mzee akikwambia "ah" namna ile, acha unachofanya. Mimi sikuacha. Na nikuambie ukweli, kwa siku nne mpango ulifanya kazi. Vifaranga walikula viwavi vizuri sana. Mama yao alichimbua miche miwili mitatu, lakini niliiona hiyo ni gharama ya maendeleo.

Siku ya tano, saa nane mchana, ndipo lile wingu lilipotoka Walikale. Sijaona lingine kama lile. Lilikuja chini, la bluu iliyokoza, likivuta nyuma yake harufu ya pori, ya majani mabichi na mbao zilizolowa. Ng'ombe kwenye kilima cha mbele wakaacha kula. Kila kitu kikanyamaza kama kanisani kabla ya Baba Yetu. Nikawaza: wingu hili limepita Kashebere. Asubuhi lilikuwa juu ya kichwa cha Neema. Labda alitazama juu, labda alianua nguo kwa sababu yake. Nikaegemea mlango. Nikasema polepole, "Jambo, Neema."

"Weye!" Koko akaita kutoka jikoni. "Ingiza kuku!"

"Nakuja, Koko."

Sikuja. Nilibaki pale, nimesimama ndani ya ndoto kama mtu aliyesimama ndani ya maji ya vuguvugu, nikitazama wingu linavyofungua mikono yake juu ya Ngungu.

Jiwe la kwanza la barafu lilipiga manjanja kama mtu anayebisha hodi. La pili. Kisha mkono mzima wa mawe, kisha mbingu yote. Nikachukua beseni, nikaliweka kichwani, nikakimbia. Sauti ndani ya beseni ilikuwa ya ngoma mia. Maji yalikuwa tayari yanateremka kutoka juu, ya kahawia, yakitafuta mufereji wake. Yaliujua ulipo kuliko mimi. Hayakuukuta wazi, yakapita juu yake, yakaichukua mistari ya shu moja baada ya nyingine, na nyumba yangu ya kuku ikalala ubavu.

Yule kuku mwekundu alikuwa amekaa ndani ya maji, mabawa ameyatandaza, mawe yanampiga mgongoni. Hakusogea. Nilipomwinua alinidonoa mpaka damu, na chini yake mlikuwa na vifaranga wamelala kama vitambaa vilivyolowa. Nikawatia wote kwenye beseni, nikaja nao kichwa wazi. Alama moja bado ninayo hapa juu ya sikio. Neema anasema ndipo akili ilipoingilia.

Koko alikuwa ameshainama mafigani. Alichota majivu ya moto mdogo, akayaweka kwenye chungu cha zamani, akatandika kitambaa, akawapanga vifaranga mmoja mmoja, akafunika kwa kitunga. Kisha akakaa. Nami nikakaa. Mawe yakaisha, ikabaki mvua. Mvua ikaisha, yakabaki matone. Moshi ulizunguka polepole chini ya paa. Sijui tulikaa kiasi gani. Nakumbuka tu kwamba dunia yote ilikuwa imeingia chini ya kile kitunga, nami nilikuwa naisikiliza. Ndipo sauti moja, ndogo kama sindano: pyii. Baadaye nyingine.

Walikuwa sita. Watatu hawakuita. Mmoja wao alikuwa jogoo wa siku ya mtoto.

Nje, kila shu ilikuwa imepasuliwa. Viwavi sikuwaona tena. Nadhani wao walimsikia Koko, wakaingia ndani.

Wale watatu niliwazika haraka nyuma ya nyumba. Niliporudi, Koko aliuliza: "Miguu iko wapi?"

Nilijua anachouliza. Kuku uliyekabidhiwa akifa mikononi mwako, unampelekea mwenyewe miguu yake, ajue kwamba hukumla wala hukumpa mtu.

"Koko, kesho kutwa iko soko. Nitaleta vifaranga vitatu vya namna ile ile. Mama Neema hatajua."

"Kuku yake atajua. Atawadonoa mbele yake."

Nikajifanya nafuta matope miguuni.

"Na weye utajua," akasema Koko. "Kila siku ukimuona ule mama, utakuwa unaangalia chini. Utachoka shingo, mutoto wangu. Mimi nilikuita mara moja juu ya mvua, haukuja. Sasa nakuita mara ya pili."

Nikaenda kuchimba kwa mikono, kwenye matope. Koko akaifunga ile miguu sita kwa uzi wa mgomba, akaitundika juu ya mafiga ikauke kwa moshi. Wiki mbili nilikula chini yake. Upepo ukiingia, ilitembea hewani, polepole, kama vifaranga wanaokwenda mahali bila haraka.

Mama Neema na binti yake walirudi wakiwa na matope mpaka magoti. Mtoto alikuwa amezaliwa vizuri, msichana. Nikapeleka kitunga, kuku na vifaranga wake sita ndani. Maneno mazuri niliyoyaandaa, ya Kifaransa na ya Kiswahili, yote yalinitoroka njiani. Nikamkabidhi Mama Neema ule uzi.

Akaipitisha miguu kidoleni mmoja mmoja. "Mvua ao mwewe?"

"Mvua, Mama." Ningeweza kuishia hapo. Mvua haina wa kuitetea. "Lakini mufereji niliufukia mimi. Na Koko aliniita, sikuenda."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia wingu."

Neema akainama, akautazama uzi kwa makini. "Mama, musimuonee. Labda ametuletea shanga ya mutoto."

Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kufuta macho, alinisukumia kitunga kifuani. "Rudisha hii kuku kwako. Ungeleta tisa, tatu za kununua, ningezijua, na nisingekuachia tena kitu. Lakini kesho, mufereji."

Kesho yake nikauchimba upya. Neema alikuja kusimamia, akila muhindi wa kuchoma, akinionyesha kila mahali nilipopindisha. Hajaacha kusimamia mpaka leo. Hata sasa anapiga kelele jikoni: "Mwambie huyo mutoto aamke mapema, usimwambie habari zangu!" Nimechelewa.

Basi jibu lako, mwanangu. Dawa usiweke mahali kuku wanapodonoa. Kiwavi aliyekufa kwa sumu humuua na anayemla. Amka na umande, pita jani kwa jani, kopo mkononi, majivu nyuma yake. Shu zikishakaza vichwa, wafungulie kuku kwa muda wa saa moja hivi, jioni inapokaribia, kisha waite warudi. Walale ndani ama pakavu palipoinuka. Mufereji wako usiuonee tamaa hata siku moja. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, wewe ni wa damu yangu, usiende sokoni kununua wa kufanana. Peleka miguu. Maneno mazuri yatakutoroka njiani; peleka tu.

Mungu akupe asubuhi zenye umande na nguvu ya kuziamkia. Mvua yako ije kwa upole, ipite pembeni ya nyumba yako kama mgeni mwenye adabu. Kuku wako wakuite wote jioni, pasikosekane sauti hata moja, na mlango wako usikose kiti.

Mchana wa leo wingu limetoka tena huko kwako, la bluu, lenye harufu ya pori. Nimeinuka. Nimeingiza kuku kwanza, wote, nikafunga. Halafu nimerudi mlangoni nikakusalimia.