Mlango wa Mama Yake Gaspari

Asiniambie mtu kwamba nilikuwa nimelewa. Pombe sijawahi kuionja. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mtaa wa Kawajense, hapa hapa Mpanda, miaka ya sabini, mwaka uliofuata baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Mpaka leo nikiyasimulia damu inanichemka.

Nilitoka Karema kwa lori, mimi na sanduku langu la vyombo vya useremala. Mke wangu Adela nilimwacha kwao na mtoto mchanga. Kaka zake hawakunificha: upate chumba kabla ya Pasaka, la sivyo dada yetu haji kulala kwenye vibaraza vya watu. Sasa hapo ungechagua chumba wewe? Nilichukua cha kwanza nilichokipata, cha uani kwa Mzee Gaspari, mtu wa kanisani, rozari shingoni. Aliniambia neno moja tu:

"Fundi, humu usiguse kitu. Kaa kama ulivyokuta."

Lakini mlango wa chumba kile ulinikera. Mninga mtupu, mbao nene za zamani, halafu umefungwa kinyume! Uso wa ndani unatazama nje, komeo liko uani, yaani mtu yeyote angeweza kunifungia kama mbuzi. Fundi gani huyo? Jumapili, Gaspari alipokwenda misa, niliung'oa, nikaugeuza, nikapiga bawaba upya. Nikajisifu sana.

Jioni ile ile, jua linazama, napuliza moto wa chai, nikasikia, "Hodi humu." Sauti ya bibi kizee. Wewe ungejibu nini? Kwetu mtu akipiga hodi hakai nje.

"Karibu, Bibi," nikasema.

Akaingia. Mfupi, mzigo wa kuni kichwani, miguu myeupe kwa vumbi. Akatua kuni, akaupapasa mlango kwa kiganja, juu mpaka chini, kama mtu aliyeonana na mtoto wake aliyepotea.

"Nimeutafuta sana," akasema. "Lori lilipokuja kutuhamisha, Gaspari aliung'oa akaupakia. Akaniambia, mama subiri, kesho nakufuata."

"Akakufuata lini?" nikauliza, mjinga mimi.

"Zikaja mvua. Halafu wakaja fisi. Nyumba haikuwa na mlango, mwanangu."

Nilipogeuka kumvutia kigoda, hakukuwa na mtu wala kuni. Nyayo za vumbi zilikuwepo sakafuni, zinaingia. Za kutoka hazikuwepo. Niamini.

Nilikimbilia nyumba kubwa, kwa Gaspari. Hakushtuka! Ndicho kinachoniuma mpaka leo, hakushtuka hata kidogo.

"Umeugeuza? Nilikwambia usiguse! Niliufunga kinyume ili asiutambue."

"Ni mama yako yule? Ulimwacha porini ukabeba mlango?"

"Lori lilijaa, fundi. Na mninga ule wewe mwenyewe unaujua."

Nikamtazama. Hata aibu hana.

"Tena wewe ndiye uliyemkaribisha," akasema. "Basi kaa naye." Akanifungia mlango usoni.

Nilirudi uani na hasira zangu, nikachukua bisibisi, nikaung'oa ule mlango. Milango ya mninga nimebeba mingi, peke yangu, kichwani. Ule ulinipinda shingo. Ulikuwa na uzito wa mtu, na joto la mtu. Nikauegemeza kwenye nyumba yake kubwa, mbele ya kizingiti, uso wa nje ukitazama nje kama inavyotakiwa.

Haukupita muda mrefu. "Hodi, Gaspari." Majirani walitoka, na wao walisikia. Ndani taa ikazimwa. "Hodi, mwanangu."

"Mjibu!" nikapiga kelele. "Mama yako huyo, mjibu!"

"Hakuna mtu humu!" akajibu Gaspari.

Kisha nikasikia sauti ile nyuma yangu, karibu kabisa na sikio. "Haya. Nitakwenda kwa yule aliyenikaribisha."

Usiku ule nilihamia karakana nilikofanyia kazi, nikalala juu ya maranda. Pasaka ilinikuta pale pale, bila chumba, na kaka zake Adela wakakataa kama walivyosema. Mwanangu aliletwa akiwa tayari anatembea. Hatua zake za kwanza sikuziona, na hilo sitamsamehe Gaspari. Yeye alinenepa, akazeeka vizuri, akazikwa na kwaya. Kwake haikupigwa hodi tena.

Inapigwa kwangu. Kila mlango ninaoumaliza, jioni kabla haujachukuliwa na mwenyewe, nasikia, "Hodi humu." Na mimi, shingo imepinda hivi unavyoiona, naweka randa chini, najibu, "Karibu, Mama." Ningefanyaje? Mwanawe alikataa.

Wewe unayetafuta chumba, acha kutazama bati na rangi ya ukuta. Muulize mwenye nyumba mlango huu umetoka wapi, na mama yake yuko wapi. Akitazama chini, beba sanduku lako uondoke.