Mtungi wa Nili wa Bi. Sun-ye

Bi. Tak Sun-ye alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka hamsini na mmoja hakuwahi kunywa hata maji ya moto asubuhi kabla hajauonja mtungi. Alikwenda bandani akiburuta ndara, akafunua mfuniko, akachovya kidole, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema mate ya buluu pembeni. Halafu alisimama kidogo, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyesikia anaitwa akawa hana hakika.

Mwaka huu alikuwa akisimama hivyo bure. Homa ya mwezi wa tatu ilipoondoka iliondoka na ulimi wake, na pua pia. Chumvi, sukari, majivu, samaki, vyote vilikuwa kama kutafuna karatasi. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kijiji kizima hapo ukingoni mwa mto Yeongsan kilijua kwamba mtungi wa Bi. Sun-ye haujawahi kufa, na kilijua sababu ni ulimi wake.

Nayo nili, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo, si kitu cha kubahatisha. Majani ya mmea wake hulowekwa, maji yake hupigwa pamoja na chokaa ya magamba ya chaza hadi tope la buluu litulie chini, kisha tope hilo hutiwa mtungini na maji ya majivu, likaachwa lichachuke. Humo ndani wamo vijidudu wasioonekana wanaofanya kazi ya kuilainisha rangi ili ishike nguo. Shida yao ni moja: wakifanya kazi wanatoa uchachu. Uchachu ukizidi ukali wa majivu, wanakufa kwa uchafu wao wenyewe, na rangi inabaki tope tu. Ukali wa majivu nao ukizidi, wanalala. Kwa hiyo kila siku mtu lazima ajue uchachu umefika wapi, na aongeze maji ya majivu kwa kiasi.

Mavuno yote ya kiangazi kile yalikuwa katika mtungi huo mmoja. Huo ukifa, hakuna nili mpaka mwakani, na Bi. Sun-ye alipoyafikiria ya mwakani aliona magoti yanamuuma.

Mwezi wa kumi, siku ya nne tangu tope liingie mtungini, povu la buluu lililokuwa limeanza kuchanua juu lilinywea. Bi. Sun-ye alilitazama sana.

"Umechoka," aliuambia mtungi. "Hata mimi."

Akaamua kwamba una njaa. Mtungi wenye njaa hulishwa pombe nyeupe ya mchele, mabakuli mawili, basi. Akaingia jikoni, akafunua gudulia lililokuwa karibu na meko, akachovya kidole, akalamba kwa mazoea tu, akachota mabakuli mawili, akaenda kumimina.

Kesho yake mchana aliingia jirani, Mama Chilseong, mama mmoja mnene mwenye mdomo usiopumzika, wakaketi watatu kula: yeye, Bi. Sun-ye, na mkwewe, Mama Garam. Mama Garam alikuwa mwanamke mpole wa miaka arobaini. Kabla ya kuolewa alifanya kazi kwenye maabara ya kupima maji mjini Gwangju, na sasa mumewe yuko melini miezi yote, yeye ndiye anayebeba vizito vya nyumba ile.

Mama Chilseong alitia mdomoni kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, akafumba macho yote mawili.

"Yarabi! Mama Garam, kimchi hii umeitoa kaburini? Meno yangu yamekimbia!"

"Samahani, nimesahau kuihamisha. Imechacha kupita kiasi. Nitatia magamba ya chaza, yatapunguza uchachu."

"Tia mlima mzima wa magamba. Hii hata maiti akilamba ataamka aulize nani kampiga." Akamgeukia Bi. Sun-ye. "Dada mkubwa, wewe una koo la chuma?"

Bi. Sun-ye alikuwa akila ile kimchi. Anatafuna taratibu, kipande baada ya kipande, uso umetulia kama anakula wali mweupe.

"Mbona tamu tu," alisema.

Mama Chilseong alicheka akampiga paja. Mama Garam hakucheka. Aliweka vijiti vyake vya kulia chini. Alikumbuka supu iliyojaa chumvi aliyoipika Bi. Sun-ye wiki iliyopita, na ya wiki ile nyingine. Jirani alipoaga, aliinuka akaenda mekoni, akafunua gudulia, akarudi nalo mikononi.

"Mama, humu mmepungua."

"Nimeupa mtungi. Ulikuwa na njaa."

"Mama... hii si pombe tena. Niliitenga tangu mwezi wa nane igeuke siki."

Bi. Sun-ye alilitazama gudulia. Akaitazama ile mikono ya mkwewe. Siki, ndani ya mtungi ambao tayari uchachu ulikuwa unaushinda! Hata mtoto wa kijiji kile asingefanya hivyo, maana angeilamba akajua.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu homa."

"Miezi saba?"

"Usinihesabie. Nilidhani ulimi utarudi. Kila asubuhi nikichovya nasema labda leo." Akakaa chini kwenye ukingo wa sakafu ya mbao iliyoinuka, pole pole, kwa vituo. "Umekufa, mwanangu. Mtungi wa mama mkwe wangu nimeuua kwa mkono wangu."

Mama Garam aliingia chumbani akatoka na kikopo kidogo cha karatasi za kupimia, zile zinazobadilika rangi kuonyesha kama kitu ni asidi au ni besi: namba ya chini ni uchachu, ya juu ni ukali.

"Hizo tena," Bi. Sun-ye alisema. "Nilishakuambia. Ukizichovya kwenye nili zinakuwa buluu tu. Zitasema nini?"

"Usitazame katikati. Tazama pembeni, pale maji yanapotangulia rangi." Alichovya, akasubiri, akailinganisha na mchoro wa kikopo. "Nane. Inatakiwa iwe kumi na nusu, au zaidi kidogo. Ingekuwa sita ningekwambia tumwage. Nane ni mgonjwa, Mama, si maiti."

"Ongeza maji ya majivu basi, yako kwenye pipa."

Mama Garam akapima na ya pipa. Hata hayo yalikuwa mepesi, ya kuoshea vyombo. Bi. Sun-ye aliyatengeneza mwenyewe mwezi ule, akiyaonja na kuyasifu.

Ikabidi waanze upya. Mchana ule wawili hao walichoma mabua ya maharage ya soya uani, wakakusanya majivu yakiwa bado moto, wakayatia kwenye chungu chenye matundu kilichotandikwa majani ya mpunga, wakayamiminia maji ya moto, yakachuruzika chini rangi ya chai. Bi. Sun-ye alibeba ndoo mbili za kwanza. Ya tatu aliiweka njiani akaisimamia.

Yalipopatikana, Mama Garam hakuyamwaga mtungini. Alipanga mabakuli matano, kila moja lita moja ya nili, akatia maji ya majivu kijiko kimoja katika la kwanza, viwili katika la pili, na kuendelea hivyo, akikoroga, akipima.

"Unawapikia nani?" aliuliza Bi. Sun-ye.

"Maabarani tulifanya hivi. Unakosea kwenye bakuli ili usikosee kwenye mtungi." Bakuli la nne, vijiko vinne, karatasi ikafika kumi na nusu. "Vijiko vinne kwa lita. Mtungi wetu una lita mia na ishirini. Ni kama lita saba na ushee. Tuzitie zote?"

Hapo mkongwe aliamka kidogo.

"Thubutu! Utawashtua hao vijidudu. Theluthi leo, theluthi kesho asubuhi, theluthi jioni. Na yawe vuguvugu kama maziwa ya mtoto. Karatasi yako haijakwambia hilo, eti?"

"Haijaniambia."

"Basi onja. Hapo hapo kwenye bakuli la nne. Usimeze!"

Mama Garam alichovya kidole, akalamba, akakunja uso hadi masikioni.

"Inauma. Kama sabuni!"

"Inauma wapi? Ncha au pembeni?"

"Ncha. Halafu inateleza... halafu inaacha."

"Inaacha upesi?"

"Upesi."

"Ndiyo hiyo. Ikikawia kuacha, ni kali mno. Isipouma, ni ya kuoshea vyombo." Alisema hayo akitazama chini. "Ikumbuke wewe. Mimi naanza kuisahau."

Siku mbili hapakuonekana kitu. Ya tatu povu lilirudi, dogo, mfano wa sarafu. Ya tano maji chini ya ngozi ya juu yalikuwa ya kijani kilichoingia manjano, na Mama Garam akazamisha kipande cha kitambaa cha pamba, akakitoa kikidondoka, wakakitandaza kambani. Mama Chilseong naye alikuwepo, maana Bi. Sun-ye alikwisha kumwambia mwenyewe habari ya ulimi.

"Kumbe! Nami zile supu zako za chumvi nazimaliza kwa adabu miezi saba!"

"Ungesema."

"Nikuseme wewe? Nina roho ngapi?"

Kitambaa kilianza kubadilika kutoka pembeni, kijani kikigeuka buluu kwa kuguswa na upepo. Wakasubiri kikolee. Hakikukolea. Wakakizamisha mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila mara kilisimama palepale, buluu nyepesi ya mbingu ya alfajiri, si ile nzito iliyojulikana kwa mtungi ule.

"Imeishia hapo, Mama," Mama Garam alisema kwa sauti ndogo. "Nusu yao nadhani walikufa."

Bi. Sun-ye alikishika kitambaa kwa vidole vyake vilivyopasuka, akakigeuza upande wa pili, akakiachia.

"Mwaka huu utatia rangi nyepesi, basi. Wapo wanaoipenda." Kisha akamkabidhi ule mti wa kukorogea, akajikokota hadi kwenye ukingo wa sakafu penye jua, akaegemeza mgongo kwenye nguzo. "Ukoroge mara moja kabla ya kufunika. Mara moja tu, usiwasumbue. Na mimi msinisumbue mpaka chakula kiive."