Sauti ya Vénant Uwanjani

Vénant alikuwa mtu wa sauti ndogo. Kanisani, pale Euless, mji wa ugenini alikohamia, alichezesha midomo tu wenzake wakiimba. Ghalani alikofanya kazi walimtania kwamba siku akishikwa na moto ataomba maji kwa ishara. Uwanjani wazazi hupiga kelele, ndiyo maana hakuwahi kwenda kumtazama binti yake, Inès, akirusha tufe kwenye mashindano ya shule. Kila mara alisema ana zamu, na mara nyingine zamu haikuwepo.

Mwaka 2019 Inès alichaguliwa kwenda kushindana Houston. Jioni moja jikoni alimshikisha baba yake mkono wake.

"Shika hapa, Baba. Msuli huu wa mbele naukaza kwanza, kidogo tu, kama mtu anayekataa kutoa kitu. Halafu naachia ghafla. Hapo wa nyuma unasukuma kwa kasi kuliko kama ningeanza mkono umelegea. Kocha ndivyo anavyotufundisha."

"Na usipoachia?"

"Misuli itavutana yenyewe kwa yenyewe. Tufe litaniangukia miguuni, unicheke."

"Nikucheke kwa sauti gani niliyo nayo?"

Walicheka wote wawili. Vénant akaahidi kwenda.

Alisafiri na jirani yake Fidèle, mwenye gari. Walipofika, Inès alikuwa wa nne, na watatu tu ndio wangesonga mbele. Alibakiwa na mtupo mmoja. Aliingia kwenye duara, akaliweka tufe shingoni, akajikunja. Wazazi wengine walikuwa wakiwapigia watoto wao kelele mpaka mishipa inawatoka. Vénant akaona haya kwamba mtoto wake peke yake hana mtu.

"Kaza, Inès! Kaza!"

Ndivyo walivyotiana moyo kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla ya kuhamia huku, kwenye mpira na kwenye kubeba magunia. Lakini ile ilikuwa nukta ya kuachia. Inès, ambaye hakuwahi kuisikia sauti hiyo uwanjani, alitii. Mkono ulikazika mbele na nyuma kwa pamoja. Tufe likatoka limechoka, likaanguka karibu kuliko mitupo yake yote.

"Kumbe sauti unayo, mzee!" Fidèle alisema akicheka.

Vénant akaelekea garini.

Garini Inès alisema, "Si kitu, Baba. Angalau leo umekuja."

Hilo "angalau" lilimchoma kuliko lawama.

Mwaka uliofuata, akisukuma mizigo ghalani, Vénant alijizoeza neno jingine kimyakimya: achia, achia. Aliomba mapema ruhusa ya siku ya mashindano, safari hii bila kisingizio cha zamu. Mwezi wa tatu korona ikafunga shule, mashindano yakafutwa. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Inès shuleni.

Siku aliyokuwa ameiombea ruhusa, Vénant alimwona kupitia dirisha. Inès alikuwa kwenye maegesho ya magari, anazunguka na kunyoosha mkono mtupu, kwa kuwa tufe lilikuwa mali ya shule. Vénant alifungua dirisha. Lile neno, achia, lilimfika mdomoni, likaishia hapo. Inès alizunguka mara mbili zaidi, akajifuta jasho, akaelekea mlangoni, na baba yake akalifunga dirisha polepole.