Konzi Moja Chini ya Chungu

Nyangi Waitara wa Gorong'a hulala kidogo mchana akitoka shambani, kichwa chake karibu na chungu cha mbegu. Humo zimo kunde za marehemu mama yake, nyeusi, ndogo, ambazo hakuna duka linaloziuza. Mama alimwachia sharti moja: chungu kisikae kitupu. Kila mavuno, konzi moja ya kunde za zamani ibaki chini, mpya zimiminwe juu yake.

Miaka tisa Nyangi alitii. Na kila mchana, usingizi ulipoanza kumchukua, alisikia sauti chunguni, ndogo sana, kama mvua inayonyesha ng'ambo ya kilima. Aliamini ni mama anamsemesha. Alimjibu. Alimpa habari za mbuzi, za wajukuu, za ukungu ulioshuka mpaka mlangoni, kisha akasinzia katikati ya maneno yake mwenyewe.

Lakini mbegu zilizidi kupungua. Mwaka huu mvua zilipoanza, shamba likiwa tayari, jirani yake Apiyo alikuja kuomba kunde kidogo. Nyangi akainamisha chungu. Ulitangulia kumwagika unga, zikafuata kunde zenye matundu, halafu fukusi wakitembea bila haraka, kama wenye nyumba.

"Mama Steven," Apiyo akamwambia Nyangi, "siku hizi unafuga hawa?"

"Ni mbegu za mama."

"Mama yako alikuwa na meno mengi hivyo?"

Nyangi hakucheka. "Alisema konzi moja ibaki."

"Basi hiyo konzi ndiyo inayowazaa. Kila mwaka unawamwagia chakula kipya vichwani." Apiyo akatega sikio kwenye chungu, kisha akampisha. "Sikiliza mwenyewe. Huyo ni mama, au ni hawa?"

Nyangi alisikiliza kwa muda mrefu.

Wengi hudhani kutii ni kurudia. Si kweli. Aliyeachiwa mbegu ameachiwa shamba la kesho, na akizitunza mpaka ziishe amemsaliti aliyempa, hata kama hakuvunja neno lake hata moja.

Nyangi akamwaga kunde zote kwenye beseni la maji. Zilizoliwa zikaelea, akawapa kuku pamoja na fukusi wao. Zilizozama alizikusanya kiganjani. Zilijaa konzi moja, basi.

"Mimi nitangoja mavuno," Apiyo akasema kwa upole.

Jioni ile Nyangi alizipanda zote, hakubakiza hata moja. Akachemsha maji, akayamimina chunguni, akakifudikiza juani siku iliyofuata.

Mchana huo alikirudisha ndani kikiwa kikavu, akalala mahali pake pa siku zote. Chungu hakikusema kitu. Alingoja, macho yakimlegea, mvua ya kweli ikianza kugusa bati. Kisha akaanza yeye.

"Mama, jana nilizipanda zote."